Ile sauti ya koko yenye niligeuza

Rafiki yangu, we njo naweza kuambia hii, sababu hautanicheka. Juzi binti yangu alikuwa anatunga wimbo ku telefone yake, akaniomba: «Mama, unipe ile sauti ya zamani ya koko yako, niitie ndani.» Nikaitafuta mu kichwa, nikafungua mudomo. Hakuna kitu ilitoka. Nikamuambia niko na sufuria ku moto, nikaenda kulia mu jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa tumerudi kutoka Masisi, tunakaa Mbugangari, karibu na mupaka ya Goma, mimi na koko tu, mama ya mama yangu. Mama yangu alifariki mu njia, tukamuzika fasi yenye hatukuweza tena kurudia. Koko alikuwa anachaguliaka wachuruzi maharagi, asubui mpaka jioni, lungo ku magoti, yeye na wamama wa jirani. Na alikuwa anaimba bila maneno, mudomo imefungwa, ile sauti alituliziaka nayo mama yangu akiwa mutoto. Ile miaka risasi zilikuwa zinalia ku milima hata muchana. Zikianza, koko alipandisha sauti kidogo tu, mikono haisimami.

Donc, ku korali yetu ya kanisa akakuja mwalimu mupya, alikuwa anavuka kutoka Goma na sinte yake, kinanda ya umeme, imefungwa mu kitenge. Mbele ya yeye kukuja tuliimbaka tu vile wazee waliimbaka. Yeye akatufundisha kutunga kisasa: unaanzia ku akor, noti zenye zinalia pamoja, si ku maneno, unachukua sauti fupi, unairefusha kwa basi, ile sauti ya chini, kisha unaigeuza. «Kwenye inapanda, we ushuke,» alisema. «Kwenye inashuka, we upande. Bon, wimbo mupya iko tayari, na hakuna mutu atajua ilitoka wapi.» Yooo, nilipenda hii kitu! Niliona kama Mungu amenipatia ufunguo.

Akaomba kila mutu alete sauti ya kwao. Wengine walileta za radio. Mi nikaleta ya koko. Sikumuuliza.

Tukaigeuza. Mwalimu akaondoa noti mbili zenye hazikuingia ku akor, akakata ile fasi koko alikuwa anavutaka pumzi, sababu mapigo ya sinte haingoji mutu. Nikairudilia majuma tatu. Wasichana wa sauti ya alto walinicheka: «We, hii wimbo yako inatembea kama mulevi anatafuta mulango!» Lakini siku ya Mungu kanisa nzima ikasimama, wamama wakapiga impundu, vigelegele vya furaha.

Koko hakusimama.

Ku nyumba akavua kitambaa ya kichwa, akaikunja pole pole. «Ile ni ya mama yako.»

«Koko, umejuaje? Tuliigeuza yote!»

«Mutoto yangu akivaa nguo kinyume, nitakosa kumujua?»

Hakukasirika, na hii njo iliniumiza. Kesho yake, ku maharagi, akaanza kuimba, akakatisha. Akaanza tena, akakatisha. «Nikianza tu, yenu njo inatoka,» akaniambia. «Yangu inakataa kupita.»

Nikamuomba musamaha kwa magoti. Akanisamehe, akaniombea. Tangu ile siku, risasi zikilia, tulisikia tu maharagi yanaruka ku lungo. Mpaka anakufa hakuimba tena.

Nikiwa mama tayari, nilifuata masomo ya jioni, nikajua kuandika noti sawasawa. Nikakaa na karatasi, nikageuza tena ile wimbo ya korali, nirudishe ya koko: kwenye ilishuka, nikapandisha. Ikatoka kitu safi, ya mutu mwingine. Zile noti mbili sizijui. Ile pumzi sijui iliingiaka wapi. Mwalimu hakuwa mubaya, na mafundisho yake ilikuwa ya kweli. Mi njo sikuuliza. Mungu amenisamehe, ninaamini. Lakini mama yangu hana kaburi yenye ninajua. Ile sauti njo ilikuwa kaburi yake.

Wale wamama wa maharagi walisikiaka ile sauti kila siku, lakini walitawanyika, wengine Nengo, wengine ngambo ku Goma. Kama ku kwenu kuko mumama muzee alichaguaka maharagi Mbugangari ile miaka, tafazali umusomee hii. Na yeye awaambie wenzake. Kisha unyamaze kidogo, uone kama ataanza kuimba.