Ndoo Mbili za Mchelewaji

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya misheni upande wa Kamachumu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Nilijulikana kwa mambo mawili: mwandiko mzuri, na ukali kwa wachelewaji. Sheria ya wachelewaji niliitunga mwenyewe. Atakayefika baada ya kengele ataandikwa kwenye daftari, kisha atateremka chemchemini kuchota ndoo mbili za maji ya bustani kabla ya kuingia darasani. Mwalimu mkuu aliipenda, akaibandika mlangoni mwa ofisi. Kwa siku kadhaa nikawa napita hapo bila sababu yoyote, nikisimama kuisoma.

Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuchelewa hata mara moja. Niliamini ni tabia yangu njema. Kumbe alikuwa mke wangu.

Niliyajua hayo Jumapili moja, ilipokuja habari kutoka Nshamba kwamba mama mkwe wangu ameteleza kwenye kibanja chake cha migomba na kuvunjika mguu. Mke wangu akaanza kufunga mzigo papo hapo.

"Mwalimu, asubuhi utawaweza hawa?" aliniuliza. Alizoea kuniita hivyo hata nyumbani.

"Darasani nina watoto arobaini na tano," nikamjibu. "Hawa watatu ni nini?"

Alinitazama kidogo, akakaza fundo la mzigo. "Haya. Binti yako anajua kila kitu. Muulize yeye."

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Sikumuuliza. Badala yake nilikaa mezani nikaandika ratiba, kwa ule mwandiko wangu mzuri, kila kazi nikaipa dakika zake, nikaibandika ukutani. Kuwasha moto, dakika tano. Kumenya ndizi, dakika tano. Kunawa, dakika tano kwa watoto wote. Sala niliipa dakika tatu. Halafu, ili shule nzima ione nyumba isiyotetereka, nikafua kaptula ya mwanangu wa darasa la kwanza. Alikuwa nayo moja tu.

Jumatatu niliamka nikakuta jikoni majivu matupu, baridi. Sikujua kwamba kila jioni mtu hufunika makaa. Nilikwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane, kuomba moto. Alinipa kaa juu ya gome la mgomba, akaniuliza kwa upole kama mke wangu amenikimbia. Nilipowasha moto, dakika zote za sala zilikuwa zimekwisha.

Zikaja ndizi. Kwetu mwanamume hupanda migomba, hukata mkungu, na hula. Hapo katikati sikuwa nimewahi kuangalia kunafanyika nini. Nilizimenya kama mtu anayechonga mpini wa jembe. Utomvu ukanigandia mikononi, mweusi, na kila nilichoshika kikabaki na alama za vidole vyangu, pamoja na shavu la mtoto wa mwisho. Huyo alikuwa na miaka minne, na alikataa nimnawishe.

"Wewe siyo mama," alinieleza.

Nikamwacha na alama yake shavuni.

Mwenye kaptula naye hakuamka. Nikimwinua anasimama, nikigeuza mgongo amekwisha kujilaza tena juu ya nyasi za sakafuni. Kaptula yenyewe ilikuwa bado mbichi, maana mvua ilinyesha usiku kucha, kwa hiyo nikaitundika juu ya moto. Nilikuwa napigana na ndizi ya saba niliposikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nilipoishusha, kwenye makalio palikuwa na tundu la kupitisha mkono.

"Tata," binti yangu alisema, yaani baba kwa lugha yetu, akiwa amekaa mlangoni, amevaa, amenawa, kibao chake mapajani, "kengele imekaribia."

Nikamvika kaka yake kaptula yangu ya zamani, niliyoshonewa na fundi mmoja wa Bukoba mjini, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alifurahi kupita kiasi. Asubuhi hiyo alikuwa mtu pekee mwenye furaha katika nyumba yetu. Yule mdogo nikamwacha kwa bibi jirani, tukatoka mbio, ndizi tukizila njiani zikiwa nusu mbichi.

Kengele ilitukuta bado katikati ya mibuni.

Mlangoni mwa shule alisimama mwalimu wa zamu na daftari lake. Alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. Aliangalia mikono yangu, kisha kaptula ya mwanangu, kisha mbingu. "Pengine watoto waingie tu..."

"Mimi nilikuwa tayari mapema," binti yangu akasema kwa sauti safi ya kujibu maswali darasani. "Nilikuwa namsubiri tata."

Mwalimu mkuu akatoka ofisini. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisimama mbele ya ile karatasi, akaisoma kwa sauti, polepole.

"Atakayefika baada ya kengele," alisema. "Haikuandikwa mwanafunzi, Mwalimu. Na mwandiko ni wako."

Nikachukua ndoo.

Njia ya chemchemini ilikuwa ya mteremko mkali, na niliowatuma huko kwa miaka sikuwa nimewauliza ikoje. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinipisha kwa heshima kubwa, kisha nikawasikia wakicheka nyuma yangu mpaka nilipopotea machoni. Nilipopita karibu na dirisha la darasa langu nikiwa na ndoo ya pili, viatu vimejaa maji, watoto wote arobaini na tano walisimama na kuimba kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimuuu!" Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Jioni nilikaa jikoni karibu na binti yangu.

"Mama hufanyaje?" nikamuuliza.

Hakunionea huruma. Makaa hufunikwa jioni. Ndizi humenywa jioni na kulowekwa, na mikono hupakwa samli kwanza. Mdogo hunawishwa kwa kuimbiwa. Kaka hasukumwi: huambiwa sikioni kwamba dada yake ndiye atakayepata ukoko wa maharage. "Na ratiba hatuna," alimaliza. Niliibandua ratiba ukutani, tukawashia moto.

Siku ya Alhamisi tulifika kabla ya kengele. Mke wangu aliporudi baada ya wiki mbili, alimkuta mumewe amekonda, na mwanawe amekataa katakata kurudia kaptula ya kimo chake.

Mwezi uliofuata zamu ikawa yangu. Siku ya kwanza tu alichelewa msichana mmoja wa darasa la tatu niliyekuwa nimemwandika mara nyingi. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza sababu. Alisema mama yake anaumwa, naye huwapikia wadogo zake wanne kabla ya kuja. Alisema akitazama chini, mkono umeshatangulia kushika ndoo. Nilimwambia aiweke aingie darasani. Kisha nikajifanya nasoma daftari.

Nyuma yake alikuwa mvulana mwenye mfuko uliojaa senene, wale panzi wa kuliwa, bado wakirukaruka. Alikuwa amesikia kila neno. Naye, alisema, mama yake anaumwa, na ana wadogo wanne.

Kufikia Ijumaa nusu ya shule ilikuwa na mama anayeumwa, na mwanafunzi mmoja ambaye mama yake alikuwa anauza ndizi mbele ya lango letu alikuwa amefikisha wadogo saba. Wote niliwapitisha isipokuwa huyo, na hata yeye nilimpunguzia ndoo moja. Bustani ikaanza kukauka. Mwalimu mkuu alininyang'anya daftari bila maelezo, akampa yule kijana, na mimi akaniachia kazi ya kufundisha kwaya, ingawa kila mtu alijua siwezi kuimba.