Kitibeti cha Kanana

Kanana alitua Houston mwaka 2001 kusomea uuguzi, na hakuna aliyemtuma kujifunza Kitibeti. Muhula wa pili alihitaji somo moja la ziada lisilogongana na zamu zake za kutunza wagonjwa kule Stafford, na lililobaki lilikuwa falsafa ya Kibuddha, Jumanne alasiri. Aliingia kwa nia ya kuchukua alama na kutoka. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameuacha uuguzi kabisa, na ukuta wa chumba chake mtaani Alief ulijaa herufi za Kitibeti zilizoning'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa.

Anti Immaculate, mdogo wa mama yake, alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee huko Euless. Habari hizo alizipata kwa simu. Akauliza kama hao Watibeti ndio watakaomwajiri. Jumapili iliyofuata jina la Kanana likasomwa kwenye maombi ya kanisa, baada ya mzee mwenye mawe ya figo.

Kanana alipokwenda kumtembelea, alijaribu kujieleza. Wanafalsafa hawa, alisema, wanafundisha kwamba mtu akijitafuta, akaupekua mwili wake na akili yake yote, hapati kitu hata kimoja cha kukiita "mimi". Anti alikuwa ametoka kazini na miguu imevimba. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi waambie waje wanitafutie huyu aliyechoka," akasema.

Desemba hiyo, nyumba ya wazee ilimpokea bibi wa Kitibeti aliyeitwa Dolkar. Mwanawe alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, na mchana hakupatikana kwa simu. Bibi hakujua Kiingereza, na kwa siku mbili alirudisha kila kikombe cha chai alicholetewa. Anti akameza kiburi na kupiga simu. Kanana akaendesha gari saa nne nzima, akijisemesha Kitibeti njiani, na alipofika akakuta Anti ameshawatangazia wenzake kwamba mtoto wake ni mtaalamu wa lugha hiyo.

Alichuchumaa kando ya kitanda, akamsalimu bibi kwa sentensi ndefu, safi kabisa. Bibi alimtazama, akamgeukia Anti, akaanza kucheka hadi machozi. Kisha akasema mengi, na Kanana hakuambulia kitu. Angeweza kutafsiri ukurasa mzima juu ya utupu wa vitu vyote, lakini Kitibeti chake kilikuwa cha vitabu vya karne nyingi zilizopita, na humo hakuna aliyewahi kuomba blanketi. Akachukua karatasi, akaandika swali lake. Bibi aliigeuza huku na huku, akaitumia kufuta meza. Hakuwa amesoma.

Hapo ndipo bibi alipogonga kikombe kwa kidole, akarudia neno moja polepole, na Kanana akalitambua. Lilikuwa katika mfano mmoja wa kitabuni, wa chumvi iyeyukayo majini.

"Anti, anataka chumvi kwenye chai."

"Na presha yake je?"

Anti alimpigia daktari, akaruhusiwa kutia kidogo tu, akaongeza siagi kwa kuwa bibi aliionyesha kwenye sinia. Bibi akanywa, akaomba kingine, akala na mkate. Wauguzi wakampongeza Kanana. Anti alimvuta pembeni.

"Miaka mitatu, Kanana. Chumvi?"

"Chumvi, Anti."

Tangu siku hiyo Kanana akawa anakwenda Euless kila Jumamosi ya pili. Bibi alimfundisha kijiko, maumivu, choo, na matusi mawili aliyoyatumia kwa daktari. Profesa wake Houston alilalamika kwamba matamshi yake yameanza kuwa ya kijijini. Maneno yalipomtosha, Kanana alikusanya ujasiri na kumuuliza bibi anafikiri nini juu ya utupu. Bibi alijibu kwamba hayo ni mambo ya watawa, yeye alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Halafu akauliza kwa nini binti mkubwa hivi hana mume.

Anti, aliyekuwa akikunja shuka, alitaka atafsiriwe. Kanana akasema bibi ameomba mto mwingine.