Kiti Kilichoelekezwa Ukutani

Jamani, mmewahi kuona darasa la watu wazima, wengine na mvi zao, likiongea na kiti kitupu?

Mimi nililiona. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Kiti kilikuwa cha wifi yangu, mke wa kaka. Tulikuwa pamoja kwenye mafunzo ya viongozi wa vikundi vya wakulima. Mkufunzi alikuwa na zoezi lake: unaligeuzia darasa mgongo, uso ukutani, wenzako wanasema wanavyokuona. Wewe kimya.

Kila zamu yake ikifika, wifi anakwepa.

"Waanze wengine. Mimi mtu wa jembe tu, mtasema nini?"

"Wifi, acha hizo! Viwavi walipovamia mahindi, nani aliwatoa watu wote wakapige dawa siku moja?"

"Nilipita kuwaamsha tu."

Kuwaamsha tu! Mwenyekiti wa kikundi chetu kajifungia ndani, yeye anagonga mlango kwa mlango, bomba la dawa mgongoni.

Uchaguzi wa kikundi ulikuwa unakaribia. Tukambembeleza agombee uenyekiti, akagoma katakata. Mwishowe mkufunzi akambana, akakubali zoezi kwa shingo upande.

"Haya basi, Jumatatu nitakaa."

Jumapili presha ikampanda akiwa anapalilia. Hospitali hakufika.

Tuliporudi darasani baada ya mazishi, mkufunzi akakigeuza kiti chake ukutani. "Leo ni zamu yake," akasema.

Tukasema. Mama mmoja alisema bila wifi asingevuna hata debe. Mzee mmoja, mbishi kupita kiasi, akavua kofia: "Mimi kura yangu nilishampa huyu."

Kugeuka, namwona kaka mlangoni. Alikuja kuchukua mkoba wa mkewe uliobaki darasani. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Kila jioni alikuwa ananiuliza," akasema. "'Baba watoto, hivi mimi naweza kuongoza watu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka, dada. Nilidhani ananitania. Nani asiyejua kwamba anaweza?"

Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti.

Siku zote nilidhani wifi hataki uongozi. Kumbe aliutaka. Alisubiri mtu mmoja tu amwambie ndiyo, na huyo, mumewe, ndiye aliyeamini uwezo wake kuliko sisi sote.

Ndugu zangu, mtu wenu akiwauliza swali kama lile, nawasihi, msicheke. Mjibuni.