Gauni la Paris kwa Binti wa Mlali

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Msimamizi wa chumba cha ushonaji, mama wa Kigogo ambaye hata nyuma ya mgongo wake tulimwita Mama Msimamizi, alinipa sumaku niokote pini sakafuni. Nilinuna. Nilidhani nimekuja Dodoma mjini kushona.

Miaka mitatu baadaye nilipandishwa kuwa mkataji, yaani yule anayekata kitambaa kabla wenzake hawajaunga. Ndipo Perusi, binti wa mkulima wa kijiji cha Mlali, alipoleta ukurasa wa gazeti la zamani. Ulikuwa na mchoro wa gauni la jioni la mbunifu mmoja wa Paris, wa miaka ya hamsini: wino mweusi, mabega wazi, sketi pana hadi chini, na kiuno chembamba kama kifundo cha mkono.

"Dada, nataka hili la harusi," alisema. "Hivi hivi lilivyo."

Shangazi zake walikuwa wamemnunulia kitambaa cha satini, cha kutosha gauni moja tu.

Mimi na ujuaji wangu niliupenda mchoro kuliko vipimo nilivyokwisha kumchukua Perusi. Nikaweka rula juu ya picha, nikalinganisha kifua na sketi, nikakata sehemu ya juu fupi na nyembamba kama ya yule mwanamke wa mchoroni. Perusi alipokuja kujaribu, mgongoni hapakufunga, na kiuno cha gauni kikakaa mbavuni.

Mama Msimamizi aliutazama mchoro, akanitazama mimi. "Wachoraji hawa humrefusha mtu akawa na urefu wa vichwa vyake tisa. Wewe na mimi hatufiki hata vinane. Huyu wa kwenye karatasi hajazaliwa, mwanangu. Tunamshonea huyu aliyesimama hapa. Haya, mwambie ulichofanya."

Nikamwambia Perusi kwamba nimeliharibu gauni lake. Nilingoja anilaumu. Akaketi, akafunika uso.

"Hata ungefuata vipimo lisingenitosha, dada. Siku ile ya kupimwa nilibana pumzi. Nina mimba ya miezi mitatu. Nyumbani hawajui."

"Na mwenzio?" Mama Msimamizi akauliza.

"Anajua. Amefurahi."

"Basi hapa hakuna msiba. Achia pumzi, mama, tukupime upya."

Tulipunguza upana wa sketi, tukapata mkanda mpana wa kiunoni na vipande viwili vya ubavuni. Halikufanana tena na la Paris. Perusi aliingia nalo kanisani akipumua vizuri, na mimi nilimpenda siku ile kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani mtaa wa Area D, hapa hapa Dodoma. Mafundi vijana huniletea picha za kwenye simu, wakitaka siri ya ukataji. Nawaambia nilichofanya mimi mpaka mwisho wa kazi: kila bibi harusi nilimkalisha kwanza, nikamuuliza habari za nyumbani. Wengi walicheka. Wachache walilia, nami nikawaacha walie mpaka wamalize, ndipo nikawaomba wasimame niwapime.