Chokaa ya Kaburi la Mkalimani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mwiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka kwetu Tezo, na viatu vya shule vingali miguuni. Fundi Mkuu alivitazama viatu kabla hajanitazama uso.

"Umekuja kazini au umekuja kufanya mtihani?"

"Kazini, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Vivue hivyo. Chokaa ikiviingia utavizika leo hii."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye makaburi ya zamani ya Malindi, yale yanayotazamana na bahari. Tulikuwa tukitengeneza upya kuta za makaburi ya watu waliotajika mjini: makadhi, manahodha, masharifu, matajiri wa nafaka wa enzi ambapo ufuta na mtama vilirundikwa gatini mpaka watu wakapita kwa kujibana. Mengi ya makaburi hayo hayana maandishi. Fundi Mkuu naye alikuwa na mwiko wake mwingine, usio wa chuma: hakupiga lipu juu ya kaburi mpaka aambiwe nani kalala ndani.

"Nimpake mtu nisiyemjua?" alikuwa akisema. "Hata kinyozi humwuliza mtu jina."

Basi akawa ananituma mimi. Niligonga milango ya mji wa kale, nikasema natoka makaburini kwa Fundi Mkuu, nauliza kaburi la pembeni lenye ukuta uliopasuka ni la nani. Watu walicheka kwanza, kisha wakaniketisha, wakanitilia kahawa, wakaniambia. Historia ya Malindi niliyo nayo sikuipata shuleni. Niliipata vibarazani, miguu ikiwa imejaa vumbi jeupe.

Mlango wa kwanza niliotumwa ulikuwa wa Bi Zuhura. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Kaburi lilikuwa la babu yake, ambaye mji mzima ulimwita Mkalimani. Alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya forodha, na hakuna biashara iliyopita bila yeye. Alijua Kiarabu, Kigiriama, Kigujarati, Kisomali na Kizungu cha kutosha kumnyamazisha Mzungu.

"Na alitafsiri yote," Bi Zuhura aliniambia. "Mpaka matusi. Siku moja Mgiriama wa ufuta alimwambia Banyani kwamba ndevu zake kama mkia wa mbuzi mgonjwa. Watu wakamtazama Babu, wakidhani ataliruka hilo. Akalitafsiri, tena kwa adabu, akaongeza, 'Mgonjwa wa nini, hakusema.'"

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Bi Zuhura akanitazama vizuri. "Watoka wapi wewe?"

"Tezo, Bi. Naitwa Kazungu."

"Haya, Kazungu. Mwambie fundi wako aliyelala pale ni Mkalimani. Na akimpaka ampake vizuri, alipenda kanzu safi."

Nieleze kidogo kazi yetu, maana siku hizi vijana wa ujenzi wanaijua saruji tu. Chokaa yetu ilitokana na matumbawe, yale mawe ya baharini yaliyokufa. Tuliyapanga juu ya rundo la magogo, duara pana kama kiwanja cha nyumba ndogo, tukaliwasha. Jiwe likiiva huwa jepesi na jeupe. Ukilimwagia maji linachemka kama sufuria, na hapo ndipo linapong'oa macho ya wazembe. Uji wake hulazwa shimoni miezi, na kadiri unavyolala ndivyo unavyokuwa laini. Ule laini kabisa, wa kumalizia ukuta, ndio niru.

Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani vikilitafuna jiwe taratibu. Kwa nje utaona ukuta unang'aa. Siku ukianguka unaanguka mzima, na nyuma yake unakuta unga. Lakini chokaa nayo ina dai lake. Kila mwaka mvua huichubua, kwa hiyo kila mwaka lazima mtu arudi aipake. Kwa makaburi, siku zenyewe huwa katika mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, kila ukoo kwa mikono yake, na ndoo yake, na kahawa yake.

Kutoka Malindi nilihamishiwa Kilifi, kwenye magofu ya juu ya mkono wa bahari. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Magofu, mtu mpole aliyeongea mara moja kwa siku. Nililala kwenye stoo ya vifaa. Jioni nilikaa juu ya ukuta uliobaki wa msikiti nikaangalia magari yakipita darajani, kila moja likiwa na mahali pa kufika. Wakati ule nilidhani upweke ule ni wa Kilifi, nikihama utabaki huko huko. Nikahama. Nilifanya kazi Takaungu, Junju, Lamu, Vanga. Kila mahali nilijua majina ya wafu kabla ya majina ya majirani. Nilipata mchumba Vanga, tukakaa vizuri, kisha nikasikia kuna msikiti unatengenezwa Kipini nikafunga mfuko. Aliniambia, "Wewe watu wako wote wamelala." Nikaubeba mfuko nikaenda.

Nilirudi Malindi kufanya kazi chini ya Mkandarasi. Alikuwa mzaliwa wa mji huo, babu yake alikuja kutoka Gujarati kufungua duka, na yeye alijenga nyumba za kifahari za Wataliano. Nilimpenda kwa kuwa hakuwa na unafiki.

"Fundi, mteja anataka kuingia nyumbani Desemba. Chokaa yako italala mpaka lini?"

"Mpaka Juni, Bosi."

"Basi iache ilale. Leta saruji."

Ndivyo chokaa ilivyoniponyoka mikononi. Nilibaki kuifanya kwa mabaki ya siku, kwenye ukuta huu na ule, hapo ambapo mwenye nyumba alitaka kitu cha kuonyesha wageni. Siku moja nilimsimulia Mkandarasi habari ya Mkalimani na ndevu za mbuzi. Akaacha kuandika, akashika kidevu chake. "Yule Banyani," akasema, "alikuwa babu yangu. Kwetu hadithi hiyo inasimuliwa kwamba aliyetukanwa ni Mgiriama."

Katika kipindi hicho Bi Zuhura aliniita. Alikuwa amezeeka ghafla. Wanawe walikuwa wote ng'ambo, mmoja Maskati, mwingine Uingereza, na kile kibaraza nilichokikuta kimejaa watu kilikuwa na kiti kimoja.

"Fundi Kazungu, nataka vigae. Vyeupe, vya kung'aa, vile vya bafuni. Umfunike Babu."

"Bi, kaburi si bafu."

"Najua kaburi si bafu, sijapotewa na akili. Lakini kigae hakidai mtu. Chokaa yako yadai mtu kila mwaka, na mimi mtu wangu yuko wapi? Mwaka huu nimepaka mwenyewe, nikashindwa kuinuka, nikainuliwa na watu wa kaburi la jirani. Aibu iliyoje."

Nikamweleza habari ya chumvi na unyevu. Nikamwambia kwamba saruji ya kushikia vigae italitafuna kaburi kutoka ndani, na siku moja ukuta utakuja chini wote, na asiyejua ataona kifusi akipeleke kujazia barabara. Hapatakuwa na wa kumwambia aliyelala pale ni nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nichague," akasema. "Aanguke baada yangu, au achakae mbele yangu."

"Nitapaka mimi, Bi. Kila Shaaban."

"Wewe? Wewe hukai mahali hata nguo zako zikakauka."

"Si lazima nikae. Nitakuja."

"Usiniambie hivyo kwa kunionea huruma, mwanangu. Nikikukubali wewe, vigae naviacha, na sitokuwa na uwezo wa kurudi nyuma."

"Niache nije, Bi Zuhura."

Nikaja. Kila Shaaban, popote nilipokuwa, nilipanda basi na debe la niru lililofungwa kwa gunia, nikapaka, nikanywa kahawa kwake, na asubuhi nikaondoka. Mwaka mmoja nilikuta mlango una kufuli. Jirani akanipa ufunguo wa lango la makaburi, aliouacha Bi Zuhura, na kuniambia mwenyewe alizikwa miezi iliyopita, kule kwenye makaburi mapya, kwa kuwa ya zamani yamejaa. Nikaenda kumpaka Mkalimani. Kahawa nikanywa hotelini.

Kazi imenistaafisha kabla ya umri. Kifua kimejaa vumbi la miaka yote hiyo, na jicho la kushoto lilirukiwa na chokaa ikichemka, sasa linaona mwanga tu. Daktari amenikataza kuigusa. Nimepanga chumba mtaa wa Barani, hapa hapa Malindi, nauza juisi ya ukwaju nje ya mlango. Majirani wananiita Fundi bila kujua fundi wa nini.

Mwaka huu mtoto wa Bi Zuhura alinipigia kutoka Maskati. Mtu mzuri, mwenye heshima. "Kaka, umefanya ya kutosha. Tafuta mtu aweke vigae, uhangaike nini na jicho hilo?" Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria siku nyingi, maana hakuna tena wa kunidai. Aliyeahidiwa hayupo, na aliyelala hajui.

Ilipofika Shaaban nilifunga kitambaa usoni, nikavaa miwani ya mchomelea vyuma wa jirani, nikaenda. Watu wa kila ukoo walikuwa wamejaa makaburini, watoto wakikimbizana, birika zikizunguka. Kwa Mkalimani nilikuwa peke yangu. Nilipaka kwa kupapasa, mkono mmoja ukitangulia kutafuta ufa, mwingine ukifuata na brashi. Mama mmoja wa ukoo wa jirani akanisogelea.

"Wewe ndiye mjukuu wake?"

"Hapana, Mama. Mimi ni mtu wa Tezo."

"Basi mbona wapaka wewe?"

"Chini hapa ni Mkalimani wa forodha. Alitafsiri mpaka matusi."

Akacheka, akaomba nimweleze. Nikamweleza, naye akawaita watu wake waje wasikie, wakasimama na vikombe vyao huku nikirudia habari ya ndevu tangu mwanzo. Kisha wakamaliza kupaka lao, wakakusanya birika na watoto, wakaenda. Jua lilikuwa kali, nami bado nilikuwa na upande mmoja wa kupaka.

Kuna jambo moja sijalieleza kuhusu kazi hii. Chokaa mpya ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka, kwa hiyo inafaa kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni. Miaka yote ile, mnyunyizaji alikuwa Bi Zuhura. Baada yake niliiachia bahati nikapanda basi. Safari hii nimeuweka mfuko chini ya kitanda. Kesho alfajiri, kabla sijafungua juisi, nina maji ya kupeleka.