Dawa ya Mapacha

Dada yangu alifariki akatuachia mapacha wa kiume, mimi na mama yetu, hapa Kamina. Mmoja alizaliwa na virusi vya UKIMWI, mwenzake akanusurika. Nani aliyechagua, sijui, na nimechoka kuuliza.

Kwetu mapacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja shati, unanunua mawili. Mama aliishika mila hiyo kuliko rozari yake. Lakini miili ilikataa usawa. Walipofika umri wa kuanza shule, mmoja alikuwa amempita mwenzake kichwa kizima, na wageni wakadhani yule mgonjwa ni mdogo wake. Mitoki ilimvimba shingoni, sikio likatoa usaha, utando mweupe ukamjaa kinywani hata bukari, ugali wetu, akawa anaimumunya kama kizee. Na dawa alikuwa anakunywa. Hilo ndilo lililonivuruga akili.

Mimi nachuuza samaki. Napanda treni kwenda Bukama, na treni yetu hurudi ikipenda. Nikiwa safarini, dawa anatoa mama. Safari moja nilirudi bila yeye kunitazamia, nikamkuta uani na kikombe cha vidonge vilivyoyeyushwa. Kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule, mpaka kikombe kikaisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Hawa iko mapasa," akanijibu bila wasiwasi. "Kama unapatia moya, na mwenzake unamupatia. Njo vile."

Nilikichukua kikombe mkononi mwake. Kumbe kila nilipokuwa safarini, mtoto alikuwa anakunywa nusu.

Hospitalini muuguzi alituambia virusi vimeshaizoea dawa ile, na inayohitajika sasa haipo Kamina. Imeagizwa. Bado tunangoja, na mimi sina tena tumaini nayo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa ule mwengine, nitamupatia nini?"

Namkasirikia sana. Halafu namwona anavyomwogesha yule mgonjwa, anapitisha kitambaa taratibu juu ya mbavu zile, na hasira inakosa pa kukaa.

Krismasi iliyopita aliwanunulia ndala, jozi mbili za namba ileile. Za mmoja zimetoboka kisiginoni. Za mwenzake soli bado ni safi, maana siku hizi tunambeba mgongoni. Juzi mama alisema ndala zimeisha, anakwenda sokoni. Nilijua atarudi na jozi mbili. Sikumkataza.