Shimo la Njia ya Chemchemi

Dada aliniziba mdomo kwa kiganja, akakaza. Mkono wake wa pili uliinua kibuyu juu ya kichwa. Maji ya shimoni yalitufika magotini, baridi ya kukata mifupa. Juu yetu watu wawili walikuwa wanapita kwenye ukungu.

"Shemeji, kahawa yako mwaka huu majani matupu."

"Ya kwako je? Si mbuzi wamekumalizia?"

Wakacheka. Kisha yule wa kwanza akasema, "Pita kushoto, shemeji. Hapo tumefunika shimo."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya mwenyekiti wa kamati ya maji.

Mwezi uliopita nilipanda tena kwenye chemchemi ya dawa kule juu ya Litembo, rafiki yangu. Siku hizi ina bomba, na jina la mwenyekiti limeandikwa kwenye saruji. Vijana wanateka maji huku wanaongea na simu. Sisi utotoni hatukuthubutu kunena. Kutoka kwetu ulikuwa mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma: unapita ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, yenye mahindi, unaacha mikahawa, unatokea kwenye nyasi tupu, upepo unakuvuta masikio. Jikoni umeacha harufu ya dagaa wa Lituhi, na bibi ameshakuonya: "Ukishateka usinene mpaka mgonjwa anywe. Ukinena, umebeba maji ya kupikia." Tuliipenda safari ile. Kurudi tulichekeshana kwa macho tu.

Siku ile mgonjwa alikuwa mama. Alikuwa amejifungua, homa haishuki. Hospitali walishampa dawa, bibi akataka aongeze ya kwake, maji ya chemchemi. Tukiwa tunarudi tulikatiza kwenye nyasi, ardhi ikaondoka, tukatumbukia. Mwenyekiti alikuwa amechimbisha shimo la tangi, kazi ikamshinda, akalifunika kwa fito na nyasi ili bwana maji wa wilaya asilione. Hakuweka hata jiwe la kuonyesha.

Tulikaa humo mpaka kengele ya kanisa ya jioni. Nilipoona dada anatetemeka hata macho hayafunguki, niliung'ata mkono wake nikapiga kelele. Wanawake waliokuwa wanatoka kuokota kuni wakatutoa. Kibuyu hakikumwaga tone. Mama akanywa maji niliyoyaharibu, na akapona. Dada kifua kilimbana. Wiki haikuisha, tukamzika.

Bibi alijilaumu mpaka anaingia kaburini. Mimi najilaumu hadi leo, maana meno nilikuwa nayo tangu mwanzo. Mwenyekiti alisema msibani kwamba watoto walikuwa wanacheza. Nikasema nilimsikia. Wakubwa wakaniambia ninyamaze, mtoto habishani na mtu mzima. Basi nikazibwa mdomo mara ya pili, na kiganja hicho hakijatoka.

Niliishia darasa la nne, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Babu mwenyekiti, shikamoo. Ungali hai, na Jumapili unakaa benchi la mbele. Shemeji yako ulimwambia apite kushoto. Sisi watoto ulimwachia nani atuambie? Simama, ujibu mbele ya watu.